Uzi: Nataka maji ya digrii 90 tu, mbona nauziwa boila ya mvuke? (Njoro, Nakuru)

MalaMtamu
Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa nimekaa stoo na karatasi ya bei mkononi na kichwa kinauma. Tuko upande wa Njoro, kikundi cha wafugaji, tunakusanya kama lita 1200 za maziwa kwa siku, lita 1000 hivi tunatengeneza yogati na mala hapa hapa. Mpaka leo tunachemsha na sufuria mbili kubwa juu ya kuni, na hiyo stori ya maziwa kushika chini alafu yogati inanukia moshi tunaijua vizuri sana, wateja pia wanaijua. Kikao kikasema tununue mtambo. Akaja jamaa wa kuuza mashine, akazunguka dakika kumi, akasema tunahitaji boila ya mvuke ya kilo 500 kwa saa, presha bar 7, na mtambo wa kulainisha maji, na opareta wa kuajiri. Bei sitaiandika hapa, mweka hazina wetu ni mzee wa kanisa na alitoa neno ambalo sijawahi kusikia akitoa.

Sasa mimi si injinia lakini nimekaa nikajiuliza. Kitu moto kuliko vyote hapa kwetu ni maziwa ya yogati, digrii 85. Mikebe na sufuria tunaosha na maji ya 75. Hakuna kitu chochote kwa hii boma kinafika 100. Mvuke wa bar 7 nimesoma uko digrii 170. Kwani natafuta 170 ya nini? Mwenye kujua anisaidie kabla Jumamosi, kuna kikao.

Kiberiti2
Boila bar 7 na hamna opareta bado? Tutakusoma kwa gazeti boss.

MalaMtamu
Ndio maana nimeuliza kwanza bana, wacha kunitisha.

ChaiNandi
Chamgei. Mimi nimekaa na boila za kuni miaka 14 kwa kiwanda cha chai huku Nandi kwa hivyo sina ubaya na mvuke, umesomesha watoto wangu. Lakini wacha nikueleze kwa nini sisi tuko nao na wewe pengine huhitaji. Chai ikikaushwa inapigwa hewa ya digrii 100 na zaidi, hata 120, na kiwanda kiko kirefu, mashine ziko mbali na boila. Mvuke unabeba joto jingi ndani ya paipu moja, kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inameza kilojuli 2257 na hizo zote inazirudisha ikifika kule inapogeuka maji tena, na unajisukuma wenyewe bila pampu. Kilo moja ya maji ya moto ikishuka digrii 20 inakuachia kilojuli 84 peke yake. Kwa hivyo kama una joto kubwa sana la kupeleka mbali, au kitu kinataka kupita 100, mvuke ndio mwenyewe.

Wewe hauko hapo. Boila ya kilo 500 kwa saa ni kama kilowati 350. Hebu kwanza tupigie hesabu ya maziwa yako: unapika mara ngapi kwa siku, lita ngapi kila mara, maziwa yanaingia digrii ngapi, maji ya kuosha lita ngapi. Usinunue hata nati kabla hujaandika hayo.

MalaMtamu
Tunapika mara mbili, lita 500 kila mara. Yanaingia kama 25 kwa sababu yanatoka moja kwa moja kwa ng'ombe na pikipiki. Maji ya kuosha nimepima na ndoo leo, lita 600 hivi kwa siku, ya bomba yako kwa 20.

ChaiNandi
Sawa. Maziwa lita 500 ni kilo 515, kila kilo inataka kilojuli 3.9 kwa kila digrii, unapanda digrii 60. Hiyo ni megajuli 120, yaani kilowati-saa 33 na nusu. Mara mbili, 67. Maji ya kuosha lita 600 kutoka 20 mpaka 75 ni kilowati-saa 38. Jumla 105. Weka ya kupotelea ukutani na kwa paipu, sema 130 kwa siku nzima. Ukigawanya kwa masaa 10 ya kazi unapata kilowati 13. KUMI NA TATU. Jamaa wako anakuuzia 350.

Najua atakwambia nini, atasema lakini unataka maziwa yapande kwa dakika 45 si kwa siku nzima. Ni kweli, hapo unahitaji kama kilowati 45 kwa hizo dakika. Lakini hizo 45 si lazima zitoke kwa moto. Zinaweza toka kwa tangi. Moto mdogo unawaka pole pole tangu alfajiri unajaza tangi joto, maziwa yakija unalichota. Hii ndio kitu maji ya moto yanashinda nayo mvuke: mvuke huwezi kuuweka akiba kirahisi, maji unaweka tu kwa tangi.

MalaMtamu
Nimesoma hii mara tatu. Nimeipigia chapa nitaisoma kwa kikao.

SolaTele
Mkuu sola! Nakuru iko na jua la kutosha, hauna haja ya kuni wala boila, weka paneli za mirija kwa paa maji yanachemka yenyewe. Niko na ofa.

Kiberiti2
Hao hapo wameanza 😂

KukuMamboleo
Na mimi niingilie kidogo, niko Kisumu, tunachinja kuku kama 200 kwa siku. Maji ya kunyonyolea yanatakiwa 58 mpaka 60, yakipita ngozi inapasuka na hoteli inanirudishia kuku. Yakipungua manyoya hayatoki mnabaki mnavutana. Tunatumia sufuria na makaa, kuna kijana kazi yake ni kuweka maji baridi na kuongeza makaa siku nzima, na bado anakosea. Hiyo maneno ya tangi inaweza nisaidia?

FundiKibuye
Omera wewe kazi yako ni rahisi kuliko ya huyo wa maziwa. Joto lako ni la chini. Tangi la maji ya 80 hapo juu, na valvu ya kuchanganya yenye themostati inayotoa 60 haitoi 61, basi. Huyo kijana mpatie kazi ingine. Na kwako ndio hata huyo jamaa wa sola naweza mskiza, kwa sababu sola inafanya vizuri sana ikitafutiwa 50 au 60, ukitaka 90 inaanza kulia, joto lote linarudi kwa hewa.

Haya nirudi kwa mwenye uzi. Mimi nachomelea matangi hapa Kibuye, Kisumu, nimefanya za shule, za hoteli, moja ya kiwanda cha sabuni. Nitaandika ndefu mnisamehe.

Kwanza tangi lisimame wima, lisilale chini kama ng'ombe mgonjwa. Maji ya moto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi yanakaa chini, na usipoyavuruga yatakaa hivyo masaa mengi, kunakuwa kama mstari kati yao ukipitisha mkono nje ya chuma unausikia. Unachota juu kabisa, unarudisha chini kabisa. Ile paipu ya kurudi usiiache ipige ndani kama hozi ya zimamoto, ndani weka bomba lenye matundu mengi maji yatoke taratibu. Watu wengi wanaweka kila kitu katikati alafu wanashangaa tangi lote liko uvuguvugu, joto liko lote ndani lakini halifai kwa kitu. Lita 2000 za 90 juu na 30 chini ni mali. Lita 2000 za 60 zote huwezi pika nayo yogati.

Pili, lagingi, yaani kufunika tangi na paipu joto lisitoroke. Pamba ya kioo nchi nne, alafu bati juu. Usiache hata chini ya tangi.

Tatu, hapa ndio watu wanakufa. Mfumo wako uwe wazi. Paipu ya kupumulia itoke juu kabisa ya tangi iende mpaka juu ya paa, isiwe na valvu, isiwe na koki, isiwe na kona ya kushika maji, na MTU ASIIZIBE hata kama inatoa mvuke mnaona kama hasara. Lita 2000 ukizitoa 20 ukazipeleka 90 zinaongezeka kama lita 70, hizo lazima ziwe na pahali pa kwenda, kwa hivyo unaweka tangi dogo la kutanukia hapo juu, la lita 150 hivi, na floti.

Nne, stima. Nyinyi mko Njoro, stima inapotea. Ikipotea na moto uko ndani na maji yanazungushwa na pampu, maji ndani ya boila yanasimama na yanachemka. Kwa hivyo tangi likae juu kuliko boila na paipu kati yao ziwe nene, nchi mbili, zipande bila kushuka, maji yatazunguka yenyewe kwa uzito wake tu. Pampu yako itumikie upande wa maziwa peke yake. Kuni hazina swichi ya kuzima.

Tano, hiyo pampu usiiweke upande wa maji yakienda kwa maziwa, iweke kwa paipu ya kurudi, chini kwa sakafu. Hii watu wa Mombasa hawana shida nayo sana lakini nyinyi mko juu. Kisumu yetu maji yanachemka kwa 96. Nakuru ni 94. Yaani maji yako ya 90 yamebakisha digrii nne tu yachemke, pampu ikiyavuta kidogo presha inashuka, yanageuka mvuke ndani ya pampu, utaskia kama mtu anasaga kokoto, na baada ya mwezi kile kigurudumu cha ndani kimeliwa.

MalaMtamu
Ngoja, ati Nakuru maji yanachemka 94? Si nilifundishwa 100?

ChaiNandi
100 ni usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Nakuru iko kama mita 1850. Ndio maana maharagwe ya huko hayaivi haraka, si kosa la mama watoto.

DadaKakamega
😂😂 hii ya maharagwe nimemtumia bwanangu.

Mulembe wote. Mimi niko upande wa hospitali, idara ya kufua na kusafisha vifaa, na nataka kuongeza kitu kwa sababu naona mvuke unapigwa vita hapa. Vifaa vya upasuaji lazima vipite 121 au 134, hapo ni mvuke na presha, hakuna njia ya mkato. Lakini ukweli ni kwamba boila yetu iliwekwa kubwa kwa sababu ya kufua, na kufua kunataka digrii 70 hivi. Kwa hivyo siku nzima tunatengeneza mvuke, unaenda mita nyingi kwa paipu zenye lagingi imechanika, unafika unapulizwa ndani ya maji baridi ili upate maji ya 70. Autoklevu zenyewe, hizo mashine za kuua vijidudu kwa vifaa, zinatumia kidogo tu. Nilimuuliza fundi mmoja akaniambia ndivyo ilivyo tangu zamani.

FundiKibuye
Dada umesema yote. Autoklevu siku hizi ziko za stima zinajitengenezea mvuke wake zenyewe. Kufua unatoa kwa tangi la maji moto.

MwanaLanet
Jamani mbona hakuna anayetaja Menengai? Si hapo juu tu. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, iliweka pale mfano kamili, maji ya moto kutoka kisima yanapita kwa ekschenja (inapitisha joto bila maji kuchanganyika), yanapasha maziwa, yanafua nguo, yanapasha moto nyumba ya mimea na mabwawa ya samaki. Na Naivasha maua ya shamba la Oserian yalipashwa moto na kisima cha Olkaria miaka mingi. Nyinyi mnaongea kuni na moto uko chini ya miguu yenu.

MalaMtamu
Nilienda kuangalia, kitu ni kizuri sana nitakuwa mwongo nikisema vingine. Lakini mimi niko Njoro na maji yako ndani ya kreta. Nitayabeba na kibuyu?

ChaiNandi
Kubeba maji moto mbali si ndoto ati. Aisilandi kuna bomba kutoka Nesjavellir mpaka Reykjavík, kilomita 27 hivi, na maji yanapoteza karibu digrii 2 tu njiani. Siri ni bomba nene, lagingi ya kweli, na maji mengi yanayoenda kwa kasi. Lakini hiyo ni ya kupasha mji mzima. Kwa lita 1000 za yogati mtakufa na deni. Kiwanda ndicho kinafaa kifuate kisima, hasa wale wa kukausha mahindi na wa nyumba za mimea.

MwanaLanet
Sawa nimeelewa. Lakini mkae mkijua.

JikoKubwa
Kuni nazo? 2018 waliposimamisha ukataji miti kwa misitu ya serikali bei zilipanda za kuzimia.

ChaiNandi
Swali zuri na jibu lake wengi hawalipendi: kuni nyingi mnachoma maji. Kuni ya mkaratusi iliyokatwa juzi nusu yake ni maji, inakupa megajuli 8 kwa kilo. Ikikauka vizuri, miezi kadhaa chini ya bati, hewa inapita, inakupa 15. Huyu wa maziwa na kilowati-saa zake 130, boila ya asilimia 60, atachoma kama kilo 52 za kuni kavu kwa siku. Mbichi ni karibu mia, na moshi juu. Kwa hivyo ukijenga, jenga kibanda cha kuni KABLA ya boila. Dizeli ingekuwa kama lita 16 kwa siku, zidisha na bei ya hapo stesheni yenu uone. Stima ni hizo 130 zenyewe zikipita kwa mita, zidisha na bei ya token.

Mkiwa upande wa Kitale na Moi's Bridge magunzi ya mahindi yakikauka ni mazuri sana. Ahero kuna makapi ya mpunga lakini hayo yana jivu jingi kama sehemu moja ya tano na linashikana kama kioo kwa grili, yanataka jiko lililoundwa kwa ajili yake. Karibu na viwanda vya miwa kuna watu wanashindilia makapi ya miwa yanakuwa kama vigogo, jaribu gunia moja kwanza.

Kiberiti2
Alafu mimi nilitaka kuuliza, kwani hizi drumu za mafuta haziwezi? Kuna jamaa kwetu alifunga drumu akatia moto chini anapata maji mazuri tu.

FundiKibuye
Ameifunga na paipu ya kupumulia au ameifunga na kifuniko?

Kiberiti2
Kifuniko. Ameweka na koki ya kutolea maji.

FundiKibuye
Mpigie simu sasa hivi. Sifanyi mchezo. Maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi zaidi ya mara 1600. Koki moja imefungwa, mtoto akasahau, hiyo drumu inaruka na paa. Nimeona moja, ilikuwa ya jikoni kwa pahali pa kulisha watu wengi, sitasema wapi, mpishi alikuwa ameenda kuchukua chumvi ndio maana yuko hai. Ukuta wa mawe ulienda.

Kiberiti2
Nimempigia. Anasema imekaa miaka miwili haijafanya kitu. Nimemwambia aongee na wewe.

FundiKibuye
Nitumie namba yake kwa inboksi. Bure, sitaki pesa yake.

ChaiNandi
Na wale wa presha wajue: sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka boila ya mvuke ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila miezi 12. Ile ya MalaMtamu ikiwa wazi juu, haina presha ya mvuke, maisha ni rahisi. Hiyo pia ni pesa ya kuhesabu na muuzaji hakuitaja.

MalaMtamu
Kikao kimeisha. Walinipigia makofi, mara ya kwanza tangu nichaguliwe. Tunajenga ya maji moto. FundiKibuye nimekuandikia.

(miezi mitatu imepita)

MalaMtamu
Wakuu nimerudi, mliniuliza inbox nikasema nitaweka hapa wote wasome. Tulijenga. Boila ya kuni ya kilowati 30, tangi lita 2000 limesimama juu ya nguzo za zege, sufuria la stenlesi la kuta mbili la lita 500 na kinachokoroga, maji moto yanapita kati ya kuta. Moto tunawasha saa kumi alfajiri. Yogati hainuki moshi tena. Dukani wameanza kuuliza kama tumebadilisha ng'ombe.

Sasa makosa yangu msirudie. La kwanza, fundi wa bomba wa hapa (si Kibuye, huyu alikuwa wa kuunganisha tu) aliweka zile paipu za plastiki za kuchomelea kwa laini ya moto akasema zinavumilia. Wiki ya tatu zilikuwa zimelegea kama tambi katikati ya viegemeo. Zile zinataka 70 kwa matumizi ya kila siku, si 90. Tumeng'oa tumeweka za chuma. La pili, tulikaa mwezi bila lagingi kwa paipu, tukisema pesa ikipatikana. Asubuhi tulikuwa tunakuta tangi limeshuka sana. Tulipofunga tukashangaa wenyewe.

La tatu ndilo linanisumbua. Maziwa yanapanda haraka sana mpaka 70, alafu yanaanza kujikokota, kutoka 80 mpaka 85 ni kama yanaenda mochari. Inachukua dakika karibu 40 hizo tano za mwisho.

ChaiNandi
Hiyo si ugonjwa, ndio tabia yake. Joto linatembea kulingana na tofauti. Mwanzo maji 90 maziwa 25, tofauti ni 65. Mwisho maji 90 maziwa 85, tofauti 5, kwa hivyo mwendo umepungua mara 13. Na wewe huwezi pandisha maji kwa sababu ya ile 94 yenu. Mtu wa mvuke angekwambia unaona, nilikwambia. Uko na njia mbili: ufunge mfumo uupe presha kidogo maji yafike 110, na hapo unaingia kwa mambo ya ukaguzi na sefti valvu. Au ujiulize kama kweli unahitaji 85.

DadaKakamega
Dada yangu anafanya yogati hapa Kakamega, anafika 80 au 82 anashikilia dakika 30 na inasimama vizuri kabisa, kijiko kinasimama. Zile protini za maji ya maziwa zinajikunjua zikishikwa moto kwa muda, si lazima iwe moto sana, inaweza kuwa kidogo lakini muda mrefu. Alafu yanapoozwa mpaka 43 ndio unaweka kimea cha kugandisha.

MalaMtamu
Hebu nijaribu kesho.

MalaMtamu
Nimejaribu siku tatu. 81 kwa dakika 30. Mama anayeonja (huyo ndiye maabara yetu) hakujua tofauti. Muda umekuwa ule ule na moto umepungua. Kumbe nilikuwa napigania namba.

FundiKibuye
Na unapoza na nini?

MalaMtamu
Maji ya bomba yanapita kwa kuta hizo hizo, alafu tunayamwaga nje kwa nyasi.

FundiKibuye
AIII. Unamwaga maji moto alafu unachoma kuni kupasha maji ya kuosha? Kutoka 81 mpaka 43 kwa lita 500 ni karibu kilowati-saa 21. Weka tangi la lita 700 hapo pembeni, hayo maji yaingie humo, utapata maji ya kuosha yameshafika 40 na kitu bure, yanataka kumaliziwa tu. Hiyo sola ya jamaa ingekupa uvuguvugu ule ule kwa pesa nyingi. Sola iwe ya mwisho, kwanza okota ile unamwaga.

SolaTele
Mimi niko hapa nasoma tu.

SolaTele
Lakini ni kweli.

MalaMtamu
Tumeweka tangi, yanafika 45. Kuni zimeshuka mpaka tunauliza kama kijana anaiba na kurudisha 😂 Sasa swali la mwisho naapa. Bomba la moshi linatoa kitu cheusi, kinatiririka kama lami, na mlango wa boila ndani umepakwa nacho. Kuni ni kavu, miezi minne chini ya bati.

ChaiNandi
Saa kumi ukiwasha, maji ya chini ya tangi yako yako digrii ngapi?

MalaMtamu
Nimepima leo, 28.

ChaiNandi
Basi ndio hiyo. Tangi lako linafanya kazi vizuri sana, chini ni baridi kabisa kama fundi alivyosema, na hayo maji ya 28 ndio yanaingia boila. Chuma kinakaa baridi, moshi ukigusa unatoa jasho, mvuke na lami vinaganda. Ukiacha mwaka chuma kitaliwa. Maji yanayoingia boila yawe 60 au zaidi. Unaweka valvu ya njia tatu yenye themostati kati ya tangi na boila: boila ikiwa baridi inajizungushia maji yake yenyewe mpaka ipate 60, ndio inaanza kufungulia ya tangi kidogo kidogo.

FundiKibuye
Hapo nimekosa mimi, nilifaa kuiweka tangu mwanzo. Shida ni kwamba hiyo valvu inabana njia na maji yake yanazunguka kwa uzito tu, kwa hivyo nitatafuta ile ya nchi mbili isiyobana sana. Kuna duka moja Kisumu nimeona nayo. Ile ndogo usinunue hata wakikupatia bure.

MalaMtamu
Kazi yako utalipisha?

FundiKibuye
Valvu ulipe, kazi ni kosa langu. Nitapanda matatu Alhamisi asubuhi, nifike saa nane. Kuanzia Jumatano jioni msiwashe tena mpaka nifike, nataka boila ikiwa baridi. Na mniwekee yogati.

KukuMamboleo
Ukirudi pitia kwangu Mamboleo, ile valvu ya 60 imefika na kijana amekataa kuachia sufuria.